Siku Mbili Mpaka Buffalo

Cheektowaga, 8 Machi 2015

Mwanangu Medard,

Salamu nyingi za upendo. Hujambo? Mimi mzima, ila baba yako amelala tangu Jumatano, figo zinamsumbua. Nakuandikia kwa sababu simu siisikii, na wewe ukipaza sauti watu wanadhani tunagombana. Mzee anakuulizia kila siku. Mwaka wa pili huu tuko Marekani moja na hatujaonana. Hivi kutoka Louisville mpaka hapa kwetu, kando ya Buffalo, ni mbali kiasi gani? Ukija nitakupikia ugali wa muhogo, maana kwenye picha naona umekonda.

Mama yako, Ernestina

Louisville, 21 Machi 2015

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba mfikishie shikamoo yangu. Mimi sijambo. Habari ya baba imenisikitisha. Ningekuja, lakini safari ni siku mbili, iwe kwa gari au kwa ndege. Unakumbuka tulivyotolewa kambini Kigoma, tukashuka na kupanda ndege nchi hii na ile? Za hapa ni vilevile. Kwenda na kurudi siku nne, na huku ghalani hawanipi ruhusa ndefu hivyo. Mwambie mzee nitakuja kiangazi.

Mwanao, Medard

Cheektowaga, 5 Aprili 2015

Mwanangu,

Salamu za Pasaka. Unaendeleaje? Barua nimemsomea baba yako. Ningejua ni siku mbili nisingekusumbua. Angelika, jirani yetu wa kanisani, anadai aliwahi kufika huko kwa gari siku hiyohiyo. Nilimwambia mbele za watu aache uongo, mwanangu ndiye anayeishi huko. Amenuna mpaka leo. Wewe fanya kazi. Mzee akizidiwa, huyohuyo Angelika atakupigia simu.

Mama yako

Louisville, 7 Juni 2015

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeanza kupata usingizi. Mimi silali vizuri tangu tumzike baba.

Safari si siku mbili. Kwa gari ni masaa manane na kidogo. Kwa ndege, hata ukibadilisha njiani, masaa manne au matano. Nilikudanganya kwa sababu nilizitaka wikendi zangu. Nimetafuta sababu nyingine, sikuiona.

Angelika aliponipigia ile Alhamisi, nilitoka saa nne asubuhi. Mchana nilikuwa njiani, mji wa Columbus, na hapo nikaanza kuogopa. Ningefika kwenu jioni ileile, ungejua kwamba ni mimi niliyesema uongo, na Angelika ulimwaibisha bure. Basi nikaenda kwa Gaudiosi, yule tuliyesoma naye kambini, anakaa hapohapo Columbus, karibu na barabara ya Morse Road. Nikakaa kwake ili siku mbili zitimie. Ijumaa saa kumi alasiri baba anakata roho, mimi niko kwa kinyozi.

Jumamosi nilipofika uliwaambia watu wanipishe kiti, ametoka mbali. Nikakaa, nikala. Mama, nimekosa sana.

Mwanao, Medard

Cheektowaga, 16 Juni 2015

Medard,

Mimi mzima. Barua nimeisoma mara mbili, kisha nikavaa viatu nikaenda kwa Angelika kumwomba radhi. Alinipa chai.

Umeniumiza. Ile Alhamisi usiku baba yako aliuliza umefika wapi. Nikamwambia ajikaze, bado siku moja na nusu. Alijikaza, mwanangu. Ijumaa mchana aliniuliza tena.

Msamaha usiniombe kwa barua. Jumamosi tarehe 27 toka huko saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa alasiri nitakuwa nimekaa mlangoni.

Usilale njiani.

Mama yako