Kipi Kimepoza Mguu Wangu

Mjukuu wangu Mwajuma,

Huku Ujiji sote wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Naandika nimesimama, maana nikikaa nyayo zinawaka kama nimekanyaga mchanga wa ufukweni saa saba mchana.

Umeniuliza kipi kinanisaidia, vidonge vya hospitali au zile sindano za Kichina zisizo na dawa ninazochomwa mjini Kigoma. Ngoja nikwambie habari ya baba yangu.

Alikuwa mvuvi wa dagaa, akashikwa na maumivu kutoka kiunoni hadi kidoleni. Zahanati wakampa vidonge. Wiki hiyo hiyo akapanda mlimani Kalinzi kwa mzee aliyekuwa akiumika watu, akiwanyonya damu kwa pembe, nami nikamsindikiza. Njiani akaniambia, "Binti yangu, huku usitaje vidonge, na kule usitaje pembe." Maumivu yakatulia. Muuguzi akajisifu, mzee wa pembe naye akajisifu. Mvua zilipoanza yakarudi, na baba akasimama njia panda asijue apande au ashuke.

Nilimcheka, Mwajuma.

Basi juzi nimechomwa sindano, na jioni nikameza kidonge. Daktari hajui habari za sindano, na bwana wa sindano hajui habari za vidonge. Leo mguu wa kushoto umepoa kidogo, nami nazunguka uani tangu asubuhi, sijui nimshukuru nani.

Jumatatu ijayo nina kliniki. Nipigie kabla sijaingia kwa daktari, uniambie niseme yote. Najijua, nitanyamaza.

Bibi yako, bado nimesimama.