Konzi Moja ya Wimbi

Mama uliyenizaa,

Mjomba Yese ameshuka na lori lake kutoka Dar es Salaam akiwa na salamu zako ulizomwandikia. Anasema magoti yako yamekwisha, wasichana wadogo wanakushinda, na wale waliokuwa wakikulipa usimame juu ya bahari wamepata mwingine. Anasema unataka kurudi nyumbani, na unauliza kama chumba cha Bibi kiko wazi. Duka la kijiji hapa Igamba halina sukari wala sabuni, lakini ukuta wake bado upo, na barua hii nitaibandika pale kabla sijampa Mjomba akutumie kwa posta. Majirani waisome kwanza, kwa sababu ulimcheka Bibi mbele yao.

Sikumbuki ulivyoondoka. Bibi ndiye aliyenisimulia kwamba ulikuwa yaya wa watoto wa mhandisi mmoja wa kizungu aliyekuja kujenga barabara kuu, na barabara ilipokwisha wakakuchukua mpaka kwao Australia, ukaniacha sijaota meno. Bibi alinilea kwa ulezi, kwa maana zote mbili. Asubuhi uji wake, jioni ugali wake, na pombe aliyoipika kwa ulezi huohuo ndiyo iliyoninunulia sare ya shule.

Halafu Mjomba akaleta habari kwamba unashindana kwenye mawimbi, na unashinda. Akaisema akiwa na mguu mmoja kwenye lori, akaenda zake. Bibi hakuwahi kuiona bahari. Kiswahili chenyewe alikuwa anakiazima tu, maana nyumbani tunasema Kinyiha. Lakini wimbi alilijua: wachuuzi wa kanda ya ziwa waliokuja Tunduma kununua ulezi wetu waliuita hivyo. Basi akaelewa kwamba una mashamba ya ulezi, tena mengi, na kwamba hakuna mzungu anayekufikia kwa kulima. Nami nilikuwa mtoto, nikaamini. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na kupewa shamba la pamoja, aliwaambia wanawake wenzake kwenye palizi, "Esta wangu angekuwa hapa, shamba hili tungelimaliza kabla jua halijawa kali."

Ulikuja mara moja tu. Ulishuka kwenye lori na kaptula yako, na rafiki yako mzungu mpiga picha, na ubao mrefu mweupe wa kusimamia mawimbini, ambao wazee walidhani ni mlango wa friji. Bibi alikushika uso kwa mikono miwili, akakutazama kwa muda. Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Mwanangu, na wimbi umetuletea? Hata konzi moja, tuijaribu mbegu ya huko."

Ulicheka mpaka ukashika mwimo wa mlango. Ukamtafsiria rafiki yako, naye akacheka. Ukawaeleza kwa Kiswahili majirani waliokuja kukusalimu kwamba wimbi lako ni la maji, nao wakacheka. Bibi akacheka wa mwisho, kwa kuitazama midomo yenu, asijue anachekea nini. Nilikuchukia saa ileile.

Sitasema uongo, kesho yake nilikupenda kidogo. Uliulaza ubao kwenye majani, ukanisimamisha juu yake, ukanishika kiuno. "Usiangalie miguu," ukasema, "angalia unakokwenda." Ushauri mzuri sana, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuondoka. Na kweli ukaondoka, ukatuachia ubao ule uwe zawadi. Nyumba haikuwa hata na kipande cha sabuni, Mama. Bibi aliuegemeza ukutani, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitaja neno wimbi. Wanawake wa palizi walipomtania, "Mama Esta, wimbi limeshafika?" aliinama akaendelea kupalilia.

Alikufa masika. Tulikupelekea simu ya maandishi kwa posta, ukajibu kwamba una mashindano. Mbao za jeneza hazikupatikana, si huku kwetu wala Tunduma kwa magendo, basi tukamviringisha Bibi kwenye blanketi, tukamlaza juu ya ubao wako na kumfunga kwa ile kamba ya ubao unayojifunga mguuni. Njia ya makaburini inateremka, na udongo ulikuwa umelowa. Mbebaji wa mbele akateleza, wenzake wakaachia, na Bibi akaenda zake. Aliushuka mlima mzima peke yake, akapita katikati ya shamba la ulezi, mashuke yakilala kushoto na kulia, mpaka akasimama mtaroni. Hakuanguka.

Watu wakamkimbilia. Ndipo mchimba kaburi akasema taratibu, "Kumbe hii ndiyo kazi ya Esta." Msiba mzima ukacheka. Nami nikacheka, huku machozi na kamasi vinanitoka. Siku hiyo ndipo nilipoielewa kazi yako, na ni nzuri, sibishi. Ila Bibi aliifanya vizuri kuliko wewe, maana yeye aliishia nyumbani.

Sasa unauliza chumba. Chumba cha Bibi nimekijaza ulezi wa mwaka huu mpaka usawa wa dirisha. Hakina nafasi ya ubao wala ya mwenye ubao.

Lakini njoo, mgeni hanyimwi uji. Shuka pale barabara kuu, ile waliyoijenga mabwana zako, uje kwa miguu na magoti hayohayo. Nitakuweka nje kwenye gogo, nikupe bakuli likiwa bado linatoa moshi. Utaonja. Na ukiniuliza ni uji wa nini, nitacheka kwanza mpaka nishike mwimo wa mlango, niwaite majirani nao wacheke, ndipo nikujibu.

Safari njema.

Mimi,
mtoto wa mama yako