Vyumba vya Safari ya Mama

Yaya Achille, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa upendo kutoka hapa nyumbani Kasenga. Natumaini wewe, Sabine na watoto mu wazima huko Lubumbashi. Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Barua hii nimempa jirani yetu Bruno, anayesafiri kwenda huko, kwa kuwa nikikupigia simu Mama hukaa karibu na kusikiliza kila neno.

Uliniagiza nichague hoteli za kulala utakapokuja kumtembeza Mama: ziwani, uwandani, kisha milimani alikozaliwa. Nimezunguka, yaya, mpaka visigino vikawaka moto. Hoteli ya ziwani uliyoipenda kwenye picha imeingiliwa na maji. Bustani yake haionekani tena, na wageni wanapita juu ya mifuko ya mchanga. Lakini vyumba vya juu ni vikavu. Nilikwenda na Mama. Akaketi kitandani, akabonyeza godoro, akamuuliza mwenye hoteli kama mgeni anaruhusiwa kujisongea ugali wake. Yule baba akacheka, akakubali. Mimi niliona haya.

Uwandani, Luberizi, tutalala kwenye vyumba vya parokia, karibu na mashamba ya mpunga. Mbu ni wengi, ila vyandarua havijatoboka. Lemera, milimani kwao Mama, kuna nyumba ya wageni ya akina mama wa kanisa. Baridi ya kule unaijua. Maji ya moto uliyoyadai, bwana mkubwa wa Lubumbashi, yanaletwa kwa ndoo.

Nilipoanza kupanga tutakapolala wakati wa kushuka, Mama alinishika mkono, akaniambia, "Ya kurudia usitafute, Louise. Minye nitabakia kule."

Yaya, Mama anaumwa. Unajua kwetu mtoto aliye mbali haambiwi ugonjwa wa mzazi kwa simu. Huambiwa tu njoo, na mara nyingi hufika akakuta matanga. Mama alishikilia hivyo hivyo, nami nikamtii. Ndiyo maana ukimpigia anakuchekesha, kisha akiweka simu chini anajilaza na kugeukia ukuta. Ni tumbo. Daktari amesema ugonjwa umeshasambaa, wanachoweza ni kumpunguzia maumivu tu. Anataka kufia kwao, na katika safari yako ameona njia ya kufika bila kukutia huzuni. Alinikataza nisikuambie, akataka wewe uone ni matembezi tu.

Hajui kwamba nimekuandikia. Nimeshindwa kunyamaza, yaya. Inaniuma kukusikia ukiulizia vyumba vyenye dirisha la kutazama maji, ukicheka, na mimi nakujibu kana kwamba hakuna kitu.

Usingoje likizo ya Desemba. Njoo sasa. Ila lia huko huko kwanza, umalize, ndipo upande ndege, maana ukifika atakutazama usoni.

Msalimie sana Sabine, uwakumbatie watoto kwa niaba yangu. Mungu akutangulie njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Louise