Ziara ya Kumkagua Mkwe

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Kesho naenda ziara. Mimi, Dorca! Mtu ambaye akiona jiwe huona jiwe tu. "Ziara ya Majumba ya Wafalme na Mahali Patakatifu, siku nne, chakula ndani" — hivyo ndivyo tangazo lilivyosomwa kanisani kwa jirani yangu, ambako mimi sijulikani, na akina mama wakapiga makofi kana kwamba tunapelekwa Yerusalemu. Tunaenda Seme, Mumias na Kendu Bay.

Sababu yangu si wafalme. Sababu yangu inaitwa Nicodemus. Ndiye mwenye kampuni, ndiye kiongozi wa ziara, na ndiye anayetaka kumwoa Lornah wangu. Harusi ya kanisani, pete na keki. Wazee wake wanaleta ng'ombe Jumamosi ya wiki ijayo. Sijamwona hata kwa picha. Kwetu Wajaluo mama mkwe hamkaribii mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, hawalali chini ya bati moja. Heshima hiyo. Basi nimtoe mwanangu kwa mtu nisiyemjua kwa sababu ya heshima? Nitegemee habari za wazee, ambao ukiwapa chai na mkate watamsifu hata mwizi wa baiskeli!

Lornah ana miaka thelathini na mbili. Anafundisha Maseno. Wachumba wawili wa kwanza niliwafukuza kwa ulimi wangu huu, na sijutii. Mmoja mlevi, wa pili alikuwa hawezi kufunga kamba ya kiatu bila kumwuliza mama yake. Safari hii binti ameniapia: nikisema neno moja baya juu ya Nicodemus, atahamia kwake bila ng'ombe, bila wazee, bila mimi. Na Lornah akisema, hufanya. Nimemwahidi kunyamaza. Kuangalia hakukutajwa.

Njama ni ya Nekoye, jirani yangu hapa Mamboleo, Mbukusu mwenye akili ya polisi. Ameniandikisha kama dada yake kutoka Bungoma: Mama Nakhungu. Sharti ni moja. Nisitamke Kijaluo mpaka turudi.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemwona. Mrefu, wala si mbaya wa sura. Kaunda suti nyeupe. Viatu vimeng'arishwa mpaka vinaumiza macho. Na kipaza sauti! Basi lenyewe dogo, dereva ni Dalmas mwenye kofia ya sufu, ukipiga chafya mbele wa nyuma anajifuta — lakini yeye ananguruma tu na hicho chombo chake. "Akina mama wapendwa! Leo mtakanyaga historia!"

Mpaka sasa nimekanyaga mavi ya mbuzi.

Tulianzia Kit Mikayi. Yale mawe nayajua tangu utotoni, na hadithi yake pia: mzee aliyependa kukaa kwenye jiwe hata mkewe akasema jiwe ndilo mke mkubwa. Hadithi nzuri, imetosha miaka yote hiyo. Haikumtosha Nicodemus. Eti mawe yalipangwa na mafundi wa Mfalme Suleimani waliopotea njia wakitafuta dhahabu! Mama Seline akaanza kulia. Huyu Seline ni mjane wa kanisani kwa Nekoye, naambiwa hulia hata matangazo ya mazishi ya watu asiowajua. Nicodemus alipoona machozi akaongeza Malkia wa Sheba. Angeona machozi zaidi tungepata na safina.

Halafu balaa. Kwenye kupanda niliteleza, naye akanidaka mkono. Mkwe! Mkono wangu mtupu! Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Bondo. Watu wakatafuta nyoka. Nekoye alicheka mpaka akakaa chini.

"Msiogope!" — kipaza sauti. "Mama Nakhungu amesikia nguvu ya hii mahali!"

Wakasema amina. Wote.

Mchana akapita na mayai ya kuchemsha na soda, kiti kwa kiti, akitabasamu. Nitakulaje mbele yake? Nikasema nimefunga. Akauliza mpaka lini. Nikasema mpaka mwisho wa ziara. Mjinga mimi! Nekoye amekula mayai yangu yote mawili, akayasifu.

Jumatano, 11 Agosti — Mumias

Naandika nikiwa na usingizi na heshima nyingi nisizostahili. Nyumba ya wageni tuliyofikia ina korido moja na bati moja, na chumba cha Nicodemus kilikuwa kando ya chetu. Nikakataa. Nimelala kwenye basi, shingo imekaa upande kama ya kuku wa Krismasi. Asubuhi nikasikia sababu yake kupitia kipaza sauti: Mama Nakhungu amekesha akiilinda roho ya mfalme! Tangu hapo akina mama wananijia mmoja mmoja niwaombee magoti. Nimeombea magoti, mgongo, na mume mmoja aliyeko Nakuru asiyetuma habari.

Boma la Nabongo, mfalme wa hapa. Nilikuja nikiwa tayari kucheka na nikakuta mahali penye utulivu, makaburi yamefagiwa, miti mikubwa, watu wanaongea polepole. Pale ningetaka kusikia kweli. Lakini wapi! Eti wafalme wa Ulaya walikuwa wakija kuomba ushauri na wanaambiwa wakae kwenye foleni. Eti malkia mmoja alingoja siku tatu akipewa uji. Akina mama walifurahi sana. Hata mimi, lazima niseme kweli, nilimwona yule malkia na kibuyu chake. Anadanganya vizuri. Sauti inashuka panapostahili, ananyamaza panapostahili. Nimefundisha Kiswahili na insha miaka ishirini na sita na sijapata mtoto wa kudanganya hivyo kwenye karatasi.

Jioni Seline alianguka. Sukari. Nicodemus alitupa kipaza sauti kwenye majani, akambeba mgongoni, Seline na uzito wake wote, akakimbia naye mpaka zahanati. Alirudi suti imepata matapishi begani. Hakulalamika. Alisema tu, "Huyu ni mama yangu pia."

Nekoye akaniangalia. Nikaangalia pembeni.

Alhamisi, 12 Agosti

Mvua toka asubuhi. Tumekwama matopeni kabla ya Ahero. Nicodemus alivua viatu vyake vya sherehe, akakunja suruali, akasukuma basi na Dalmas huku wakiimba. Akina mama wakaitikia kutoka dirishani. Tumefika Kendu Bay wachafu na wenye furaha. Chapati ya Nekoye nimeila nyuma ya choo. Mtakatifu wao!

Nimeshaamua. Ni mwongo, ndiyo, lakini ni mwongo wa kazi, kama mhubiri au wakili. Mikono yake inafanya kazi. Lornah atacheka katika nyumba ile. Mimi nyumba yangu haikuwa na kicheko, najua bei yake. Nitavaa ile nguo ya kijani, na kanisani kwetu wale wanaoniuliza kila Jumapili "Lornah naye je?" watakaa mstari wa nyuma.

Nafurahi. Niandike hivyo tu. Nafurahi.

Ijumaa, 13 Agosti — Katito

Basi limesimama. Wote wameshuka. Mimi niko kwenye kiti changu cha nyuma, daftari magotini.

Nianze mwanzo. Asubuhi tulikuwa Ziwa Simbi. Kijiji kizima kilizama, wanasema, kwa sababu kilimnyima bibi kizee chakula. Seline akalia, sasa amepona kabisa. Kwenye kurudi, tulipokaribia Katito, kipaza sauti kikatangaza zawadi ya mwisho isiyo kwenye ratiba. "Tumeona ikulu za watu wa zamani. Sasa mtaona ikulu ya mtu wa leo. Lanchi ni kwangu!"

Vigelegele. Mimi nikashika kiti: kwa mkwe, kabla ya ng'ombe? Siingii! Nikafikiri atatupeleka kwa baba yake, tuone kibanda cha kijana asiyeoa, kile cha karibu na lango. Nikaona heri nibaki kwenye basi, nichungulie, nijue mwanangu atafikia wapi.

Basi likaingia kwenye lango.

Si kwa baba yake. Ni boma lake mwenyewe. Ua wa ojuok, ule mnyaa wa uzio, umepandwa karibuni, bado mfupi. Lango jipya. Nyumba kubwa katikati inatazama lango, bati linang'aa. "Nimefungua hii boma mwaka jana!" anasema kwenye chombo chake, kifua mbele. Akina mama wanapiga vigelegele tena. Kwao hakuna ajabu. Mwanamume mzima, boma lake.

Lakini mwanamume wa kwetu hafungui boma peke yake. Huenda na baba yake, na mke amebeba moto, na kijana wa kwanza amebeba shoka. Hapana mke, hapana mtoto wa kiume, hapana boma. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua hilo. Na nyumba ile inayotazama lango ni ya mke wa kwanza. Haiwi ya mtu mwingine. Nimekaa nimeutazama mlango wake, na mlango uko wazi, na kuna moshi jikoni.

Nilijiambia labda mke alikufa. Mungu anisamehe, nilitumaini hivyo.

Halafu Dalmas akaja kutoa sufuria chini ya kiti, Nicodemus nyuma yake. Waliniona. Wakaendelea kuongea kwa Kijaluo, maana Mama Nakhungu wa Bungoma anajua nini? Dalmas akauliza kama ile nyumba ya mwalimu wa Maseno itakuwa tayari kabla wazee hawajapeleka ng'ombe. Nicodemus akasema imebaki milango. Dalmas akauliza, na mama Laban? Nicodemus akacheka. Akasema mama Laban ameambiwa ni nyumba ya wageni wa ziara, na mwalimu ameambiwa hakuna mama Laban, na wanawake wakishakuwa ndani ya boma moja watazoeana. Kisha akanigeukia na tabasamu lake lote. "Mama Nakhungu, leo ndio unafungua, ama?"

Nimeiona hiyo nyumba. Iko pembeni ya kubwa, mahali pa mke wa pili, kuta bado mbichi. Madirisha madogo. Lornah hupenda mwanga.

Nikamwambie nini? Nikifungua mdomo atasema ni mimi tena, na ulimi wangu tena. Atafunga begi jioni ile ile. Atakuja hapa, kwa hizi kuta mbichi, bila ng'ombe na bila pa kurudi. Namjua. Nimemzaa na kichwa changu mwenyewe. Nekoye anaweza kusema, lakini atajua ni mimi nimemtuma.

Mwanamke mmoja amekuja na birika na beseni. Mwembamba, kitambaa kichwani, mimba ya miezi mingi. Amepiga goti kwenye ngazi ya basi, na hilo tumbo!

"Mama, mbona hushuki? Chakula itapoa. Mimi ni Apiyo, mama ya hii boma."

Nikamwambia miguu inauma.

"Pole, Mama. Basi nitakuletea hapa hapa. Wageni ya Baba Laban ni wageni yangu." Akaangalia nje, kwenye ile nyumba ndogo. "Mwaka ujao mkikuja mtalala pale. Anawajengea. Mimi ndio nilisiliba ukuta, na hii hali yangu. Akaniambia niharakishe."

Nikamwambia amefanya kazi nzuri. Nikasema nini kingine? Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga mayowe. Nimenyoosha mikono, akaimwagia maji. Maji ya vuguvugu. Ameyapasha kwa ajili yangu.

Sasa ameenda kuleta.

Nitakula. Hapa, ndani ya boma la Nicodemus, mbele ya macho yake, mchana kweupe, mashahidi basi zima. Mama akila kwa mkwe kabla ya ng'ombe, jambo limeharibika. Hakuna mzee wa upande wetu atakayepokea hata mkia, na wao wenyewe hawatathubutu kuleta. Wataulizana kwa vizazi viwili ni mama gani yule asiye na haya. Ni mimi, na nikimaliza sahani nitajitaja jina. Watasema Dorca alishindwa na njaa kwa kuku. Sitakuwa nimesema neno moja baya. Na Lornah atauliza nilikuwa natafuta nini Katito, na hapo atakuja mwenyewe kuangalia, na Apiyo atampigia goti na birika.

Atanichukia mwaka mzima. Labda zaidi.

Nicodemus ndiye analeta sahani, si Apiyo. Amemnyang'anya njiani. Kuku na mchuzi, ugali wa mtama, sukuma pembeni. Akina mama wanasimama nyuma yake kuona mtakatifu akifungua. Nekoye ameweka mkono mdomoni. Amejua. Anatikisa kichwa: usifanye.

Nimemega tonge. Nimechovya. Nimekula.

Naandika kwa mkono wa kushoto, karatasi inaingia mafuta. Kuku ni mtamu, chumvi imezidi kidogo. Nicodemus amesimama mlangoni mwa basi, kipaza sauti kwapani, uso umejaa furaha. Ananiuliza kama niongezewe supu.

Nimesema ndiyo.