Kapitene na Shimo la Mazuku

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nimemaliza tanga. Siku kumi na moja kwa mashine ya kushona, vidole vimevimba! Kwa hii ziwa watu wanapiga kasia na kuimba, tangu mababu. Lakini Bwana Delmotte, muzungu wa kahawa kule Rugerero, amejenga mashua ya tanga, sababu zamani alizunguka visiwa vya Kanari, ndani ya Atlantiki, visiwa vya volkano vyote. Hiyo habari kila mutu wa Gisenyi anaijua. Hata mbuzi za Nengo zinaijua. Anataka tumuite Kapitene. Bon, Kapitene.

Atanichukua safari, nishone tanga ikipasuka. Sijui kuogelea. Hakuuliza.

Alhamisi, 5 Julai

Tumeondoka! Watu watatu: Kapitene, mi, na Munyaneza, muvuvi wa Nengo, anajua kila jiwe ya hii ziwa. Kapitene amemukataza kuimba — eti kuimba kunaharibu upepo. Upepo gani? Ziwa ilikuwa kama uji uliopoa. Saa tatu nzima tumekaa palepale, mbele ya soko, wateja wangu wote wananiangalia. Mwisho Nyirasafari, muuza samaki, amepita na mutumbwi wake, wamama sita. Wametufunga kamba, wametuvuta mpaka pwani, na kuimba juu! Ameniuliza kama tanga inauzwa, anatafuta kitambaa ya kuanikia samaki. Haya tupu.

Ijumaa, 6 Julai

Baada ya sala nilienda kumupima Madame Laurence robo mpya, gauni ya kizungu. Ni bibi ya Kapitene. Amesema, kule Kanari bwana yake alikuwa abiria tu, siku saba amelala chini na ndoo, anatapika. Nilikuwa na pini mudomoni, karibu nizimeze. Sijaambia mutu. Munyaneza tu.

Jumanne, 10 Julai

Leo upepo iko. Tumefika kwa visiwa! Kapitene amevipa majina mapya: Ijwi njo Tenerife, ile ingine La Palma. Munyaneza anajibu ndiyo Kapitene, anaongoza kwa majina ya zamani. Bila hiyo tungekuwa bado tunazunguka.

Tumelala kwa kisiwa kidogo ya mawe meusi. Iko shimo, urefu wa watu wawili, chini majani laini. Kapitene ameipenda: kesho atapumuzika humo baada ya chakula, kama Kanari. Munyaneza amemukataza. Humo iko mazuku, ile hewa mbaya inatoka ndani ya mawe. Haina harufu, mutu analala, haamuki. Ameshusha taa kwa kamba — taa imezima. Kapitene amecheka, eti mafuta mabaya. Ndege wawili wamekufa kule chini, nao walikunywa mafuta?

Mi sikucheka. Naogopa.

Muzungu akifia mikononi mwetu, nani atatusikiliza?

Jumatano, 11 Julai

Muchana. Upepo hakuna hata kidogo. Kapitene amekula sardini, amekunywa divai. Munyaneza amemukataza mara ya pili, mara ya tatu. Huku mutu akifuata mbuzi kwa shimo, anafungwa kamba kiunoni. Kapitene hakutaka, eti yeye si mbuzi. Donc, wakati anamaliza chupa, nimeshona kamba kwa godoro yake, ile ya mufuko anaingia ndani mpaka kifua, sindano ya tanga, uzi mara mbili. Ameshuka nayo, hakuona kitu.

Alikoroma. Kwa mara ya kwanza nimefurahi kumusikia.

Sasa kimya. Nimeita Kapitene, nimeita Bwana, nimeita hata Delmotte hivi hivi. Hajibu.

Nimeshika kamba. Peke yangu simuwezi, mutu munene vile. Munyaneza hajashika. Ameangalia hii daftari.

— Andika kwanza kama nilimukataza.

Nimemuambia mutu anakufa, we unataka karatasi?

— Akikufa, neno yangu ni bure. Karatasi wataisoma. Andika, na jina yangu yote.

Naandika: Viateur Munyaneza, muvuvi wa Nengo, alimukataza Bwana mara tatu, mbele yangu, mi Kadiri, fundi wa nguo. Taa ilizima. Hakuna mutu alimusukuma.

Amenifanya nimusomee. Amekubali, anafunga kamba kwa mukono. Halafu anasema niandike na saa.

Saa sina. Saa iko kwa mukono wa Kapitene, kule chini.