Nilimwona Akipanda Pirogi

Kindu, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna. Redio za watu zinanitazama mezani, na mimi fundi wao nazitazama. Sina kisingizio cha kutoandika.

Zaina, binti wa kaka yangu mkubwa, amepata mchumba. Kwetu, siku wakwe wanapokuja, kiti cha mbele ni cha baba wa binti. Kama amekufa, anakaa mdogo wake, yaani mimi. Kama yuko hai, anangojewa.

Leo Zaina alinijia amelowa chapachapa.

"Baba mudogo, Bibi anasema kiti njo ya baba. Eti alivuka, iko ng'ambo, atarudia. Basi mimi nizeeke hapa kama hizi redio zako?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hilo "alivuka" la Mama si neno langu. Wakati wa vita, niliporudi kwa miguu kutoka Lokandu, Mama aliuliza kaka yuko wapi. Nilijibu: "Nilimwona akipanda pirogi."

Ni kweli, mtumbwi ule aliupanda. Nileteeni Msahafu, nileteeni na Biblia, nitaapa bila kutetemeka.

Ila Mama aliuliza habari za mtoto wake, nami nikampa habari za pirogi. Ilipofika katikati ya mto, risasi zilianza. Ikapinduka, tumbo juu. Nilijificha majanini hadi jua likawa utosini. Hakuna kichwa kilichoibuka.

Nilidhani mwongo ni yule anayesema lisilokuwapo. Mimi nilisema lililokuwapo, nikachagua tu pa kuweka nukta.

Tangu hapo sentensi yangu inaishi kwa Mama kama mgeni asiyeaga, na imenenepa. Kutoka "alipanda" imefika "alivuka", na siku hizi nasikia kaka ana duka na mke wa pili. Sahani yake bado inaoshwa kila Ijumaa. Kilio hatukumfanyia, hata cha siku moja.

Mama ameshaniuliza alivaa shati gani, alikaa mbele au nyuma, kama alikuwa amekula. Hajawahi kuuliza kama pirogi ilifika.

Hata mara moja.

Nimemwambia Zaina wakwe waje Jumamosi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Mama, nianzie pale nilipoweka nukta. Akiniziba mdomo, nitajua miaka yote tulikuwa wawili majanini pale.

Nitamaliza hata hivyo.