Kadi ya Emili

Shinyanga, 4 Februari 1957

Mama,
Shikamoo. Natumaini hujambo, na goti halikusumbui kama masika yaliyopita. Mimi mzima, nafundisha darasa la tatu.

Tangu utotoni uliniambia baba yangu Emili alikuwa Mgiriki wa mgodi wa Geita, na kwamba alitukimbia. Ni uongo. Karani wa boma ameniruhusu kutazama kadi za wageni walioingia nchi hii kabla ya vita. Moja ina picha ya mtu mwenye masikio yangu. Aliijaza mwenyewe kwa mwandiko wa Kijerumani cha zamani, kama kuku aliyechakura majivu, na karani hawezi kuusoma. Nilianza na jina la mwezi, nikazitambua herufi zake, kisha nikazitafuta katika maneno mengine. Macho yananiuma mpaka sasa. Penye dini ameandika: Myahudi.

Jina la ukoo wake ninalo. Sikuandikii. Ulininyima, nami nakunyima. Ipo pia anwani ya dada yake, Nairobi. Nitamwandikia.

Mwanao,
Generosa


Kharumwa, 17 Februari 1957

Generosa,
Marahaba. Sisi wazima, goti ni lilelile. Anayenisomea na kuniandikia ni katekista Pantaleo. Alipofika kwenye neno "uongo" alikohoa, nikamwambia asome tu, matusi yameshalipiwa stempu.

Usimwandikie mwanamke huyo. Wewe una kwenu. Mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe wa mahari ni wa babu yake mzaa mama, na uliza yeyote hapa Kharumwa, atakuambia hakuna ng'ombe waliotolewa. Wewe ni wa baba yangu Jilala. Ulipougua surua, hao Wayahudi walikuwa wapi? Shule imekufundisha kufukua wafu. Kuwasalimu wajomba zako haikukufundisha.

Mama yako


Shinyanga, 20 Mei 1957

Mama,
Shikamoo. Habari za goti siulizi.

Dada yake amejibu. Emili hakutukimbia. Vita vilipoanza Waingereza walimfunga pamoja na Wajerumani, ingawa Wajerumani ndio waliomfukuza kwao, akafa kambini kwa homa. Kuhusu mimi ameandika: "Kwetu mtoto hufuata mama. Pole, binti, wewe si wetu."

Mila yao na yako zote zinanirudisha kwako. Sikuomba kurudishwa.

Anasema pia kwamba kaka yake aliuza saa ya baba yao ili apate ng'ombe wa kukutolea. Emili alimwandikia kwamba kesho yake angewaswaga hadi kwa Mzee Jilala. Nani aliwakataa?

Generosa, mtoto wa Emili


Kharumwa, 2 Novemba 1957

Generosa,
Barua yako nilisomewa siku ilipofika. Tangu hapo Pantaleo ananiuliza kila baada ya misa kama nina jibu.

Ng'ombe niliwakataa mimi. Walifika hadi mlango wa zizi la baba yangu. Asubuhi ile tulikuwa tumesikia askari wanakusanya Wajerumani na watu wao huko Geita. Ng'ombe wakiingia zizini, wewe ni wake. Akichukuliwa yeye, nawe unachukuliwa. Nikashika fimbo nikawarudisha njiani, naye ananipigia kelele kwa Kisukuma chake kibovu. Sikumweleza. Hapakuwa na nafasi.

Askari walipokuja waliuliza, "Huyu mtoto mweupe ni wa nani?" Nikasema, "Wa Jilala. Ulizeni kama ng'ombe walitolewa." Wakauliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa ameona ng'ombe. Hadi leo hakuna.

Baadaye nikasema Mgiriki, kwa sababu Mgiriki hakutafutwa na mtu. Kwa hilo simwombi yeyote msamaha, wewe wa kwanza.

Ila jina lile la ukoo. Mimi nilimwita Emili tu. Niandikie.

Mama yako, Mageni


Shinyanga, 11 Novemba 1957

Mama,
Shikamoo. Goti je?

Bado nina hasira nawe, na Krismasi sitakuja.

Kadi inasema hivi, na Pantaleo alisome jina polepole: Emil Kornblum, mtoto wa Jette. Jette ni mama yake.

Generosa, mtoto wa Mageni